Aliyeanguka kwa Jina Langu

Mimi sijawahi kuanguka. Hilo naomba lieleweke mapema, kabla hatujafika mbali na kabla wenye midomo yao hawajaanza. Kulala chini nimelala, kama mnavyoniona, shavu langu liko juu ya mkeka wa watu. Lakini kulala na kuanguka ni mambo mawili, na anayetaka kuyachanganya akayachanganye kwake. Jina langu Sikudhani. Kazi yangu ni kupika wali wa shughuli, na katika mji huu wote hakuna sufuria yangu hata moja iliyowahi kuungua. Mengine yote niulizeni, lakini hayo mawili msiyaguse.

Mji wenyewe hauna jina. Ulikuwa nalo, watu wazima wanakumbuka kwamba lilikuwa fupi na jepesi kulitamka, ila lilipelekwa Jumbani kutibiwa na halikurudi. Jumba ndiyo hospitali yetu. Liko juu ya kilima, halina dirisha hata moja upande wa mji, na kila mtu hapa amewahi kupanda kule na maumivu na kushuka na dawa. Saa yao ya ukutani haitembei. Unaingia asubuhi, unakaa kwenye benchi mpaka mgongo unakufa ganzi, unatoka, unakuta ni asubuhi ile ile. Au unatoka unakuta watoto wako wameshaota ndevu. Tulizoea. Mgonjwa hagombani na saa.

Na kila aliyeingia Jumbani aliacha nakala yake. Hilo nalo tulilizoea. Unafika dirishani, unatoa kadi, unaeleza kinachokuuma, na wao kule nyuma ya pazia wanaichukua kadi, wanamtengeneza mtu mwingine mwenye jina lililomo na sura iliyomo, wanamtia ugonjwa wote kama ulivyoelezwa, wanamvika gauni jeupe lililo wazi mgongoni, wanamfungia chumbani. Kila unaporudi wanamwongezea. Wewe unashuka na dawa, yeye anabaki na habari. Nakala haijui kitu isipokuwa kile ilichoambiwa, wala haiwezi kusema uongo, kwa sababu imetengenezwa kwa kazi moja tu: kujibu inapoulizwa. Daktari akitaka kujua hali yako anaiuliza hiyo. Wewe mwenyewe hana haja nawe. Walituambia milango ya vile vyumba ni ya chuma na kwamba siri zetu kwao ni amana. Walitumia neno hilohilo, amana, na sisi tukatulia.

Siku milango ilipofunguka hakuna aliyesikia kishindo. Wapo wanaosema ni wezi, wapo wanaosema mlinzi alipitiwa na usingizi, na wapo wanaoapa kwamba milango haikuwahi kuwepo, tulikuwa tunaambiwa tu. Mimi nilikuwa uani nachambua mchele. Kilichonifikia kwanza ni kimya, kimya cha watu wengi walioacha kuzungumza kwa pamoja, nikatoka barazani na ungo wangu mkononi. Nakala zilikuwa zinashuka kilima. Zilikuja taratibu, peku, magauni wazi mgongoni, mji mzima unajitazama wenyewe ukirudi nyumbani. Hazikuwa na hasira wala haya. Zilisimama njia panda, zikasimama sokoni, zikasimama kwenye milango ya misikiti, na aliyepita akaiuliza mojawapo unaumwa nini, ikamwambia. Basi, ni hilo tu. Hakuna aliyepigwa, hakuna nyumba iliyochomwa. Mji uliharibika kwa kuuliza na kujibiwa.

Jumba lilimleta mtu wake uwanjani, mwanamume mpole mwenye viatu safi. Alisema kwamba huenda baadhi ya nakala, huenda, zimetoka. Kwamba Jumba linalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Na kwamba kila aliyeathirika atapewa kufuli bila malipo. Wallahi, kufuli. Zilikuwa mpya, ndani ya maboksi, kila moja na funguo zake. Watu walipanga foleni wakachukua, na mimi nilichukua yangu, maana kitu cha bure hukiachi hata ukiwa na hasira. Nikasimama pale na kufuli mkononi, namtazama mtu mwenye sura yangu aliyesimama chini ya mlingoti wa bendera.

Nilimtambua kwa mabega. Mtu hajioni mabega yake, lakini siku ukiyaona unayajua. Nikampa jina la Yule, na mpaka sasa namwita hivyo, kwa sababu kumwita jina lake ni kujiita mwenyewe. Yule aligeuza pua upande, akasema kwa sauti yangu, wala si kwa nguvu, kwamba kuna wali unaungua. Kisha bega la kushoto likatangulia, akaenda chini, akaanza kutetemeka vumbini, povu likimtoka mdomoni, mji mzima unamwona. Walimtazama yeye, halafu wakanigeukia mimi. Nikataka kuwaambia kwamba sijawahi kuanguka.

Aliyekuwa akianguka ni Somoe. Somoe ni mdogo wangu, tumenyonya titi moja, na mama alipotutoka alikuwa bado hajang'oka meno ya utoto. Kifafa kilimwanzia jikoni. Mimi nachochea moto, yeye amekaa juu ya kinu, akanusa hewa, akauliza: "Dada, nani ameunguza wali?" Wali ulikuwa haujaanza hata kuchemka. Nikainama kuutazama, nikasikia kishindo nyuma yangu. Ikawa ndiyo tabia ya ugonjwa wake: kwanza harufu ile, halafu swali lile, halafu chini. Nilijifunza kumlaza ubavu, kumkunjia kanga chini ya kichwa, kusubiri bila kumtia kitu mdomoni, kumfuta, na akifumbua macho kumwambia kwamba alilala usingizi tu, asiogope. Na nilijifunza kutounguza wali. Hilo nilijikaza nalo tangu utoto, kusudi siku yoyote Somoe akinusa moto nijue kwa hakika kwamba sufuria yangu ni salama na nikimbilie yeye. Watu wanaosifu wali wangu hawajui nilijifunza kwa ajili gani.

Dawa yake ilikuwa Jumbani, na Jumbani huingii bila kadi. Mimi nilikuwa nayo kwa sababu ya mume wangu Mbwana, anayewachongea vitanda; kadi ilimfunika yeye na mkewe, haikumfunika shemeji. Basi Somoe akawa anapanda kilima na kadi yangu. Nilimfundisha kuitika Sikudhani, nikamfundisha jina la mume wangu na mwaka niliozaliwa. Pale dirishani hutazama kadi, uso wako ni shauri yako. Na msinitolee macho. Nani katika mji huu hajawahi kuumwa kwa jina la mwenzake? Tuliazimana majina kama tunavyoazimana mbuzi ya kukunia nazi, mtu akimaliza anarudisha. Sioni kosa mpaka kesho. Mlitaka nimwache mtoto wa mama yangu aangukie moto kwa heshima ya dirisha?

Kwa hiyo mjue aliyekuwa ndani ya Yule. Kila safari aliyopanda Somoe waliimimina humo, kila kishindo, kila povu, wakaandika mimi. Yule hakuwa mwongo. Alijua alichoambiwa.

Na hatukuwa peke yetu. Nakala ya Mzee Kitwana, mwadhini wetu, mtu wa ndevu nyeupe, ilishuka kilima na mimba kubwa, ikamwambia kila aliyeuliza kwamba inatarajia kujifungua mwezi wa mfungo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee wa watu akasimama uwanjani, akaikana, akaapa kwamba si yake. Wakamwambia tunajua, babu, si yako. Basi ni ya nani? Hapo ndipo alipofumba mdomo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika, maana nyumbani kwake mlikuwa na binti mmoja tu. Binti yule hatukumwona tena. Wanasema alipanda kilima akajifungia kwenye chumba kimojawapo kilichobaki wazi, na ameketi humo mpaka leo akisubiri mtu amuulize kitu.

Nikaelewa. Kukana ni kunyoosha kidole. Nikisema kifafa hiki si changu, wataniuliza cha nani, na chini ya dari yangu waliowahi kulala ni mimi, Mbwana na Somoe. Na Somoe alikuwa anaolewa.

Alikuwa anaolewa na Hemedi, kijana mtaratibu mwenye duka la vitambaa, mtoto wa Bi Arafa. Anampenda, nilimwona anavyomtazama. Ila mama mtu si wa kubahatisha. Nakala zilipozagaa, kila mwenye haja alijichukulia: wenye nyumba walichukua za wapangaji, matajiri walichukua za vibarua, na Bi Arafa akachukua ya Somoe, akaikalisha sebuleni kwake, akaimiminia chai, akaiuliza. Ilikuwa kitu kidogo, kitoto, ya enzi za kadi ya mama, kiliwahi kuumwa jino na hakina kingine cha kusimulia. Bi Arafa aliridhika kabisa. Alisema mkwe wake ni mzima kuliko mji mzima. Halafu akakumbuka kwamba mkwe ana dada.

Nilikaa nikajiuliza, na mnisamehe, mpishi naye huwaza. Mtu ni yupi? Ni yule anayejijua, au ni yule anayejulikana? Mimi najijua. Najua goti langu linalosumbua mvua ikikaribia, najua hasira zangu, najua kwamba nilimpenda Mbwana kabla yeye hajajua kama nipo duniani. Hayo hakuna aliyeyaandika, kwa hiyo mjini hayapo. Yule hana goti wala hasira, hampendi mtu. Ana jina, ana mwaka, ana kifafa, na ndiye aliyepo. Tukisimama mbele ya watu, mimi ndiye ninayetakiwa kuleta ushahidi. Yeye ndiye ushahidi. Hapo nikaanza kuona kwamba Jumba halikuwahi kututibu sisi hata siku moja. Lilikuwa linawatibu wao, wale wa vyumbani, linawafuga, linawanenepesha, na sisi tulikuwa watumishi wa kuwapelekea habari za maumivu kama mtu anavyompelekea mfungwa chakula. Au labda mimi ndiye nakala. Labda hapo mwanzo kabisa alizaliwa Yule, akanituma mimi huku chini nimpikie. Siku nikiwaza hivyo naangalia mikono yangu, naona kovu la mafuta ya maandazi, natulia kidogo. Kovu halimo kwenye kadi.

Mtu wa Jumba, mpole wa viatu safi, akarudi. Safari hii alisema kila mtu aje aikubali nakala yake mbele ya watu. Itakayokubaliwa itapewa dawa zake kama kawaida kupitia mwenyewe. Itakayokosa mwenyewe itafutwa, na dawa zake zitafutwa nayo. Alisema kwa upole, akaangalia karatasi, akasema tena kwamba wanasikitika.

Mnaona nilivyobanwa? Nikikana, Somoe anafichuka. Nikinyamaza, Somoe anakosa dawa. Mbwana alinishika mkono kabla sijasogea mbele, akaniomba tuhame. Nilimuuliza tuhamie mji gani usio na Jumba. Nikamwacha pale, nikavuka uwanja peku maana kiatu kilinivuka, nikasimama kando ya Yule, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa mkono wangu. Nikasema ni mimi. Sikusema zaidi. Wanawake niliowapikia harusi zao na matanga yao walivuta watoto wao karibu.

Mbwana alivumilia kidogo. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alijua ukweli wote tangu mwanzo, kadi ilikuwa yake. Lakini kazini walianza kumpa zana kwa kuzitupa chini aziokote, na ndugu zake wakaacha kula kwetu. Akafunga nguo zake mchana kweupe, mimi namwangalia, akasimama mlangoni akaniambia: "Najua si wewe, Siku. Lakini watu wanajua ni wewe." Akaenda kwa kaka yake. Nililia mpaka macho yakavimba, kisha nikachukua kufuli la Jumba nikaufunga mlango, nikabaki ndani na Yule.

Bi Arafa alikuja na wanawake wawili wa ukoo wake. Hawakuketi. Somoe alikuwa sebuleni, ameshapakwa hina ya mwanzo, mikono ameiinua isiguse kitu. Bi Arafa hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye, kwa sauti ya huruma, kama ni kweli dada yake ana kifafa. Nilimwangalia mdogo wangu. Nilichotaka ni anyamaze tu, ainamishe kichwa, wale wajijibu wenyewe. Somoe akaziangalia kucha zake, akasema:

"Tulikuwa tunamficha, mama."

Tulikuwa. Tunamficha. Mimi.

Nilimchukia. Nasema wazi, kwa saa nzima nilimchukia mtoto wa mama yangu, nikatamani harufu yake imjie palepale mbele ya wale wanawake. Waliondoka wakiwa wameridhika, na Somoe akanipigia magoti, akalia, hina yote ikaharibika kwenye kanga yangu. Alisema aliogopa. Nilimwambia aende akanawe. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe.

Wakamchukua kumweka ndani, kama mwali anavyowekwa, kwa Bi Arafa mwenyewe, asipigwe na jua, asuguliwe liwa, afundwe, asionwe na mtu mpaka siku yenyewe. Nilipanda kilima nikaletewa dawa dirishani kwa jina langu, kwa mara ya kwanza mimi na kadi yangu na uso wangu, na yule wa dirishani hakuinua macho. Nikavifunga vidonge kwenye pindo la kanga, nikaenda kwa Bi Arafa. Mlangoni nikazuiwa. Bi Arafa alitoka mwenyewe, akanisalimia vizuri, akaniambia hawanifukuzi, ila mwali ni mwali, nisije nikamwambukiza. Nilimwambia kifafa hakiambukizi. Akanipapasa bega kwa ncha za vidole, akasema anajua, lakini kwa nini tujaribu.

Nilimtuma kila niliyeweza kumtuma, na hakuna aliyekubali kubeba kitu kilichotoka mkononi mwangu. Basi nilikuwa na dawa na Somoe alikuwa na ugonjwa, na kati yetu palikuwa na jina langu.

Siku zile zilipita au hazikupita, sina hakika. Jua lilikuwa linachomoza upande wa kilima na kurudi palepale. Nilikaa na Yule. Nilimvika nguo zangu. Alikuwa na umri wa safari zote za Somoe kwa pamoja, mara mtoto mdogo anayeogopa giza la stoo, mara mwanamke mzima mwenye mabega yangu. Mwanzoni nilikuwa namuuliza kwa uchungu, kama wale wa sokoni.

Unaitwa nani. Sikudhani.

Unaumwa nini. Kifafa.

Unampenda nani. Sijaambiwa.

Hilo la mwisho lilinikata maini. Nikaacha kumuuliza, nikaanza kumwambia. Nilimwambia habari za mama, habari za kinu, jinsi ya kupima maji ya wali kwa kidole. Na kila alipoanguka, na alianguka mara nyingi, nilimlaza ubavu, nikamkunjia kanga, nikasubiri, nikamfuta. Akifumbua macho nilimwambia maneno yale ya zamani, kwamba amelala usingizi tu. Aliyapokea kama alivyopokea mengine yote, akayaweka. Na mimi kwa kumtazama nikaijua njia yake yote ya kwenda chini, jinsi pua inavyotangulia, kisha bega la kushoto, kisha vidole vinavyojikunja kuelekea kifuani. Nilikuwa namtazama kwa upendo na kwa hofu, sikuwa najifunza. Lakini macho hujifunza bila ruhusa.

Siku ya harusi walinialika, kwa sababu kutomwalika dada wa bibi harusi kungezua maneno. Walinikalisha nyuma, karibu na mapipa ya maji, mimi na Yule, tumegawana doti moja ya kanga, yeye kipande kimoja, mimi kipande kingine, hata mtu asijue yupi ni yupi. Tuliletewa sahani yetu iliyofungwa uzi mwekundu, ijulikane isichanganywe na nyingine. Wali ulipikwa na mpishi wa kukodi. Niliuonja. Ulikuwa na maji, na iliki yake ilikuwa ya zamani.

Somoe alikuwa juu ya jukwaa, amepambwa, macho chini, pazia la maua nyuma yake. Alikuwa mzuri mpaka roho iliniuma. Mashangazi wa Hemedi walikaa mstari wa mbele, wamemkodolea macho, wanapima kila anavyopumua. Ngoma ilikuwa imechanganya. Mimi sikuangalia ngoma, nilikuwa naangalia pua yake.

Akaiinua. Kidogo tu, upande. Akatazama huku na huko kama mtu anayetafuta jiko, kisha macho yake yakavuka vichwa vyote vile yakanipata mimi kule kwenye mapipa. Midomo yake ikasogea. Sikumsikia, kelele zilikuwa nyingi, lakini swali lile nimeulizwa maisha yangu yote.

Sikuwaza. Ningewaza ningekumbuka kucha zake na hina yake na lile neno tunamficha, na huenda ningekaa kitako nikanywa maji. Nilifungua pindo, nikampa Yule vidonge, nikamwambia: "Nenda kwa mdogo wetu. Akiamka, mpe." Akaondoka, akapita pembeni ya turubai kuelekea nyuma ya jukwaa, na aliyemwona akamkwepa. Nami nikatembea katikati ya wanawake mpaka pale ngoma ilipo. Nikanusa hewa, wote wanione. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba kuna wali unaungua. Bega la kushoto likatangulia.

Hivyo ndivyo nilivyolala. Sikuanguka, nililala kwa makusudi, kwa akili zangu timamu, na nililala vizuri, kwa sababu nilifundishwa na mwenyewe. Nikatetemeka. Nikayatoa mate. Turubai zima likainuka, ngoma ikanyamaza, viti vikapinduka, mashangazi wote wa mstari wa mbele wakageuza migongo yao kwa jukwaa wakaja kunishangaa. Nilisikia sauti ya Bi Arafa ikiwaambia wageni kwamba si aliwaambia. Mtu akadai kijiko. Wakanifungua taya kwa nguvu, wakanipachika kijiko cha chuma, jino moja la mbele likakatika, nikalimeza pamoja na damu. Sikuacha kutetemeka.

Kati ya miguu yao nilikuwa naona jukwaa. Pazia la maua lilikuwa limevutwa. Chini yake niliona nyayo za Somoe zenye hina zikipiga mbao, zikipiga, zikipungua, na nikaona goti la Yule, na kanga yangu ya pili imekunjwa kama ninavyoikunja mimi. Hakumtia kitu mdomoni. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyegeuka, msusi wa bibi harusi, akainama chini ya pazia, akamuuliza Yule bibi harusi ana nini. Nakala haisemi uongo, ikiulizwa hujibu.

Yule akajibu kwa sauti yangu, bila kuinua kichwa: "Amelala usingizi tu."

Ndiyo aliyoambiwa. Kila mara, na mimi mwenyewe. Msusi akaitikia kwamba mwali ana haki ya kuchoka, akalirudisha pazia vizuri, akaja kunitazama mimi kama wengine.

Sasa wamechoka kunitazama. Wamenivuta pembeni kwa ncha za kanga, ngoma imerudi, vigelegele vimerudi. Somoe ameketi wima, Hemedi yuko kando yake, Yule amesimama nyuma yao anawapepea, na wageni wanampa mkono wa pongezi wakimwita dada wa bibi harusi, maana mgonjwa si yuko hapa chini. Naweza kuinuka. Nitainuka sasa hivi. Nangoja tu mikono iache kucheza, nimeiambia iache na haijaacha bado. Na hii harufu. Mpishi wao wa kukodi hajui kupunguza makaa, nilijua tangu nilipouonja, watu wazima wanaacha sufuria ya shughuli nzima inaungua na hakuna anayekimbia. Nauliza, na kijiko kingali mdomoni, nani ameunguza wali. Nauliza tena. Wanawake wamekaa kando ya sahani zao wanakula, wananisifia upishi wa mwenzangu, na hakuna hata mmoja anayenusa kitu.